Mabaki ya Meza ya Fundi

Kipande cha kitambaa hakipatikani mpaka mtu akate kitambaa kizima. Ndilo jambo la kwanza ninalowaambia wasichana wanaokuja kujifunza kwangu hapa Kadutu, kabla hawajashika sindano, maana wengi wanakuja na wazo kwamba kazi yetu ni kazi ya umaskini. Wanaviona vishikio vya sufuria, vimto vya kuchomekea sindano, vipochi vya simu, viblanketi vya kumpokelea mtoto mchanga, vyote vimeungwa vipande vipande, wanajisemea kwamba haya ni mambo ya watu wasio na kitu. Asiye na kitu hana mabaki. Mabaki yapo kwa fundi, na fundi yupo penye kitambaa. Ukitaka kuijua historia ya vijizawadi hivi vya Bukavu, acha kwanza vipande, ufuate kitambaa kizima kilikotoka.

Kilitoka mbali, tena kwa miguu. Wazee wetu wa Bushi, nchi ya Washi, walivaa ngozi za ng'ombe na mbuzi, na magome ya miti yaliyopondwa mpaka yakalainika. Pamba ya kiwandani ilifika pande hizi katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Uvira na kuingia Maniema. Ilikuwepo merikani, kile kitambaa kigumu kisichopaushwa ambacho meli za Salem zilikileta Zanzibar kutoka viwanda vya Massachusetts, na ilikuwepo kaniki ya rangi ya nili. Walihesabu kwa shuka na doti, shuka yadi 2, doti yadi 4, na kwa hesabu hiyo walilipia pembe za ndovu, chakula, wapagazi, ruhusa ya kupita, na binadamu pia. Kitambaa kilikuwa fedha, na fedha haikatwi kwa mkasi. Isitoshe, nguo yenyewe ilikuwa ya kujifunga tu, haina kola wala mkono, kwa hiyo zama zile hazikuacha mabaki yoyote. Zilituachia kipimo. Kikwembe kimoja kinachouzwa leo sokoni Nyawera ni yadi 2 vilevile, na yadi 6 zinatoa vikwembe vitatu vya seti nzima: cha blauzi, cha kujifunga, na cha kutupia juu au kubebea mtoto.

Huko pwani kwenyewe, kama simulizi za Zanzibar na Mombasa zinavyosema, wanawake walinunua leso zilizokuja zimefuatana katika jora moja, wakazikata sita sita, wakaziunga tatu kwa mbili, wakapata vazi ambalo wachapaji waliliiga baadaye likawa kanga. Nalipenda simulizi hilo. Wale hawakuwa wanaziba tundu. Walikuwa na kizima mkononi, wakakikata kwa makusudi ili wakiunge watakavyo.

Kwetu mabaki yalianza pale Bukavu ilipoanza kuwa mji. Wabelgiji waliuita Costermansville mwaka 1927, kwa heshima ya ofisa wao Paul Costermans, mpaka jina la Bukavu liliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wazungu walijenga chini, kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu. Waafrika wakapangiwa kilimani Kadutu, na baadaye Bagira. Maduka yalikuwa ya Wabelgiji, Wagiriki na Wahindi, na barazani mwa duka, kama ilivyokuwa Bujumbura, Kigoma na miji mingi ya pande hizi, aliketi fundi mwanaume na cherehani yake ya Singer. Unanunua kitambaa ndani, unapimwa nje. Kaptula za kaki, mashati meupe, magauni ya kwendea misa. Kila vazi liliacha chini ya cherehani hilali za makwapa na kiduara cha shingo, na pembeni ukanda mrefu uliosalia kwenye upana. Mabaki yetu yana maumbo hayohayo hata leo, na anayetaka kuyaunga inabidi aanze kwa kuyaheshimu maumbo hayo, asijidai atapata mraba.

Siku zile hakuna aliyeyafikiria kama zawadi. Yalijazwa kwenye mito ya kulalia. Yalisokotwa kuwa tambi za taa. Watoto waliyafunga kwa kamba za migomba wakapata mpira. Mengine yaliwekwa kando kwa ajili ya viraka, na hapo ndipo wanawake walipoingia katika hadithi hii, kwa mlango wa nyuma.

Nkoko, bibi yangu mzaa mama, alikuwa msichana wa Nyangezi, ambako Mapadri Weupe walifungua misheni mwaka 1906. Alijifunzia sindano kwa masista. Alipoolewa na karani na kuhamia mjini, akakutana na mafunzo mengine ya namna hiyo, maana baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilieneza katika miji ya Kongo na Ruanda-Urundi vituo vya wanawake vilivyoitwa foyer social. Kile cha Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kilifunguliwa mwaka 1946. Wake wa makarani, wauguzi na walimu walifundishwa na wanawake wa Kizungu kushona, kutia viraka, kufua, kupiga pasi, kupika na kulea. Mume alikuwa anajifunza Kifaransa na mashine ya chapa. Mke anajifunza kutia kiraka kwenye goti la suruali ya huyo mume. Nia haikufichwa: karani wa kisasa awe na nyumba ya kisasa, na nyumba ilimaanisha mke. Hapa Bukavu Centre Olame ya Jimbo Kuu, iliyoanzishwa mwaka 1959, ilizaliwa katika hewa hiyo ya mwisho wa ukoloni, ingawa baadaye ilipanua kazi mpaka kwenye kilimo na haki za wanawake, mambo ambayo sidhani wale mabibi wa foyer waliyawazia.

Nkoko alikuwa anatusimulia mtihani wa kiraka kule kwa masista. Sketi iliyochanika inatiwa kiraka kwa ndani, nyuzi za kiraka zikielekezwa sawa na nyuzi za sketi, kingo zinakunjwa, zinashonwa kwa vichomo vidogo visivyotokeza. Kisha mwalimu anainyanyua sketi dirishani na kurudi nyuma hatua moja. Akikiona kiraka, unafumua. Wasichana walifumua mpaka kitambaa kikalegea. Kwa mafunzo yale kiraka kizuri kilikuwa kile kisichoonekana, na nguo yenye kiraka kinachoonekana ilikuwa aibu ya mwenye nyumba.

Mpaka leo watu wananiambia kwamba kazi ya kuunga vipande tuliletewa na masista. Nawajibu kwamba masista walituletea kichomo kidogo na mkono mtulivu, na ni haki kushukuru. Lakini kukionesha kiraka hawakutufundisha, walitukataza. Kama kuna aliyetutangulia katika hilo nchini humu, ni wanawake wa Kikuba wa Kasai. Kitambaa chao hufumwa na wanaume kwa nyuzi za rafia, kinatoka kigumu kama mkeka, na lazima kitwangwe ndipo kilainike. Kwa kutwangwa kinatoboka. Inaelezwa kwamba ndipo wanawake walipoanza kushonea vipande vidogo juu ya matobo, na kwa kuwa kiraka kimoja pekee kinasimama kama kosa, wakatia kingine pasipo na tundu, na kingine, mpaka sketi ya mita kadhaa ikajaa maumbo yanayokimbizana. Mmisionari Mwafrika wa Marekani, William Sheppard, aliyefika kwenye mji mkuu wa Wakuba mwaka 1892, alikusanya vitambaa vyao, na mkusanyo wake uko katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Yote hayo yalikuwepo kabla sista yeyote hajainyanyua sketi dirishani.

Na kuna kitu kingine kinachonifurahisha, ingawa kiko ng'ambo ya bahari. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, wazawa wa Waafrika waliopelekwa kule kwa karne nyingi, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka wanayoyaita kawandi. Hawaanzi katikati: wanaanza ukingoni, wanazunguka, wanaingia ndani pole pole mpaka wanakutana katikati, na kwenye kona wanatia vipande vilivyokunjwa wanavyoviita ua. Blanketi lisilo na maua konani huhesabiwa halijavaa nguo. Mimi naanza katikati, kwa kiduara cha shingo, kwa sababu ndicho kipande kizuri kuliko vyote anachotupa fundi. Wao wanaanza pembeni. Tukikutana ningependa kugombana nao kidogo.

Hapa kwetu kiraka kilianza kuonekana mwaka 1967, angalau katika nyumba yetu. Agosti mwaka ule mamluki wa Jean Schramme waliuteka mji, wakakaa humo mpaka Novemba, huku jeshi la taifa likiwazingira. Watu wa Kadutu walipanda kwenda vijijini na walichoweza kubeba. Waliporudi walikuta nyumba zimekombwa, hata mapazia. Fundi jirani yetu alikuta cherehani yake haipo, lakini gunia la mabaki lipo, maana hakuna mporaji anayebeba mabaki. Alimpa nkoko. Mama mdogo wangu alikuwa amejifungua huko huko ukimbizini, na mtoto hakuwa na hata kitambaa cha kumfunika. Nkoko aliunga vipande vya gunia lile kwa mkono, akaweka katikati gwanda la zamani la sufu, na chini kipande cha shuka. Hakuficha mshono wowote. Alisema hakuwa na uzi wa kuchezea. Mimi nadhani alikuwa amechoka kuficha. Blanketi lile limefunika watoto wengi wa ukoo, na kila aliyelichukua aliongeza kipande cha kikwembe chake kabla ya kulirudisha, hata sasa lina umbo la mkia upande mmoja.

Kisha kikaja kipindi cha neema ya vipande, nacho ni kipindi cha Rais Mobutu. Siasa ya asili ilipowakataza wanaume suti na tai ikawavisha abakosti, na wanawake ikawakataza suruali na nywele za bandia, kikwembe kikawa vazi la ofisini, la shuleni, la mkutanoni. Kinshasa kulikuwa na kiwanda kikubwa kilichojulikana baadaye kwa jina la Utexafrica, Kalemie kulikuwa na Filtisaf, Kisangani ikaja Sotexki katika miaka ya 1970, na ng'ambo ya Ruzizi, Bujumbura, COTEBU. Wenye nacho walinunua wax ya Uholanzi kutoka Vlisco, kampuni iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846 na kutajirika kwa kuiga batiki ya Java. Wax ile ilipendwa zaidi Afrika kuliko huko Java. Kila mchoro ulipewa jina na wauzaji na wavaaji. Six Bougies, wenye plagi sita za injini, ulivaliwa na mama aliyetaka ijulikane kwamba ana nguvu. Mon mari est capable ulivaliwa na aliyetaka ijulikane kwamba mumewe ndiye mwenye nazo. Na mafundi wakaingia wazimu wa mikono: mikono ya puto, mabega yaliyosimama, shingo zilizochongwa kama ua. Mtindo ukiwa na mapambo mengi, sakafu ya fundi inakuwa tajiri. Mama alikuwa anapita jioni kwa mafundi watatu au wanne na kikapu, na hakuna aliyemwomba hata senti.

Hapo ndipo alipoanza kushona vishikio vya sufuria na kuvitoa kama kado, yaani zawadi. Harusi, ubarikio, mtoto kuzaliwa, jirani kuhamia. Alikuwa na sheria moja: kishikio cha bibi harusi lazima kiwe na kipande cha kikwembe cha mama yake na kipande cha kikwembe cha mama mkwe, vikipakana. Kama wale wawili hawasemeshani, aliviweka hivyo hivyo, tena akasema, "Hapo jikoni watazoeana tu."

Kulikuwa na tatizo moja la zama zile ambalo vijana wakisikia wanacheka. Vikwembe vya MPR, chama cha Mobutu, vilikuwa na uso wa Rais katika duara. Fundi mwerevu aliupanga uso ukae katikati ya mgongo au kifuani, asiukate. Lakini kitambaa ni kitambaa: mkasi ukipita kwapani, sikio linabaki mezani. Mama aliyapokea masikio hayo, miwani, ncha za kofia ya chui, akayatumia yote, ila kwa kuyageuza ndani. Hakuthubutu kumpa mtu kishikio cha sufuria chenye jicho la Rais. Nimewahi kufumua kimoja cha zamani nikakuta Mobutu watatu wamelala chali ndani, wamebanwa na taulo.

Novemba 1973 maduka ya wageni yalitwaliwa na kugawiwa Wazaire katika kile kilichoitwa Zairianisasyon. Baraza nyingi zikabaki na fundi bila duka nyuma yake, na baadaye hata fundi akaondoka. Ndipo mafundi wakakusanyika masokoni, na hasa hapa Kadutu, ambako wapo mpaka leo, cherehani hii imeigusa ile, nyingi ni Butterfly za Shanghai badala ya Singer. Kwa mtu wa vipande ilikuwa bahati, kwa sababu sasa mabaki ya mji mzima yalilala chini ya paa moja.

Nisimame hapa kidogo nieleze kishikio kinavyoshonwa, kwa kuwa anayesoma historia bila kujua kazi atadhani ni ushairi. Kwanza unachambua. Unakipindua kila kipande. Wax ya kweli imechapwa pande zote mbili, haina mgongo; hiyo unaweza kuigeuza utakavyo, hilali ya kulia ikawa ya kushoto. Kitenge kilichochapwa upande mmoja kina mgongo mweupe, hicho ni cha mstari wa kunyoka tu. Satini ya bitana unaiweka mbali kabisa: karibu na sufuria ya bugali inayeyuka, inamshika mtu ngozi. Bluu na nyeupe za sare za shule ni imara kuliko zote, lakini zinachosha macho, kwa hiyo zinakwenda mgongoni. Kisha unapanga kuanzia kiduara cha shingo, hilali zinakizunguka, ukanda unafunga ukingo. Katikati unatia tabaka la blanketi kuukuu au sweta ya mtumba iliyofuliwa mpaka ikagandamana. Unapiga bandi kutoka katikati kwenda nje ili kitambaa kisikimbie. Unapiga pasi ya makaa, kwa sababu umeme wetu mnaujua. Ndipo unashona mistari kupitia tabaka zote tatu, karibu karibu, upana wa kidole. Mistari ikiwa mbali, ukikifua mara mbili sweta inajikusanya kona moja kama panya. Mwisho kitanzi, na kitanzi nakitoa kwenye pindo la kiwandani, pale palipochapwa jina la aliyetengeneza. Wateja wangu wanapenda kitanzi kiseme Vlisco hata kama kishikio chenyewe ni cha Guangzhou.

Miaka ya 1990 nitaipitia haraka, wengine wameiandika vizuri kuliko mimi. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walifurika mjini na kandokando yake. Turubai za bluu na nyeupe zikawa kitambaa cha kila kitu. Oktoba 1996 vita vikaingia Bukavu, na Askofu Mkuu Munzihirwa akauawa tarehe 29 mwezi huo. Agosti 1998 vikaanza vingine. Mafundi walishona sare za wote, kila aliyepita. Mabaki ya kijani sikuyachukua, na sijui fundi yeyote aliyethubutu kuyagawa. Mtu kukutwa na kitambaa cha jeshi ilikuwa ni kesi.

Vita vile ndivyo vilivyoleta mnunuzi mpya wa vijizawadi. Hospitali ya Panzi ilianzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, ambaye alikuja kupewa Nobeli ya Amani mwaka 2018. Wanawake waliotibiwa pale baada ya kubakwa vitani walihitaji pa kukaa na cha kufanya kabla ya kurudi vijijini, au pale ambapo kurudi hakuwezekani, na katika Maison Dorcas ya Wakfu wa Panzi ushonaji ni mojawapo ya wanayofundishwa. Kituo kingine cha wanawake hao, Cité de la Joie, kikafunguliwa mwaka 2011. Karibu kila parokia, kila shirika, likawa na chumba chenye cherehani. Na wageni waliokuja kutembelea, waandishi, madaktari, wafadhili, walitaka cha kurudi nacho: kidogo, chepesi, cha rangi, kinachoingia kwenye sanduku. Vipande vikapata soko kuliko wakati wowote.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kweli, watu walipona. Namjua mama aliyesomesha watoto kwa vipochi. Lakini mnunuzi huyu alibadilisha kazi kwa namna ambayo siipendi. Baadhi yao walitaka kila kipochi kiwe na kikaratasi chenye hadithi ya aliyekishona, na hadithi waliyoitaka ilikuwa moja tu. Niliwahi kuombwa niandike vikaratasi hivyo kwa ajili ya wanafunzi wangu. Niliandika jina la mtaa, aina ya kitambaa, na jinsi ya kukifua. Mteja hakurudi. Kado ya mama haikuwa na kikaratasi, na aliyepewa alijua kila kipande kimetoka kwenye nguo ya nani. Hiyo ndiyo hadithi iliyokuwa imeshonwa ndani, na haikumhusu msafiri. Tena mgeni alitaka vipande vyenye rangi kali, vinavyofanana na Afrika ya kichwani mwake. Bluu ya sare za shule, kwa maoni yangu kitambaa cha Kikongo kuliko vyote, hakuna aliyeinunua.

Wakati huohuo kitambaa chenyewe kilikuwa kinabadilika. Mama wafanyabiashara wa Bukavu na Butembo walianza kufunga safari za Dubai, kisha Guangzhou, na viwanda vya nyumbani vikadhoofika kimoja baada ya kingine. Wax ya Kichina ikajaa. Ni rahisi, kila mtu anaweza kushona nguo mpya ya tarehe 8 Machi, ya harusi, ya msiba, ya kwaya, familia nzima kitambaa kimoja. Kwa mtu wa vipande hilo lina raha na karaha. Raha: mabaki ni mengi, na yana kumbukumbu, unashika kipande unasema hiki ni cha msiba wa fulani. Karaha: rangi inatoka. Sasa naloweka kila kipande kwenye maji ya chumvi usiku kucha, na asubuhi nikikuta maji mekundu, kipande hicho kinakwenda ndani, kwa Mobutu.

Mwaka 2020 ndio uliomaliza ubishi wa nkoko na mwalimu wake wa dirishani. Korona ilipokuja na barakoa zikawa amri, mafundi wa Kadutu walikuwa wamekaa bila kazi, harusi zimekatazwa, na mabaki yapo. Kwa wiki chache mji mzima, mapadri, makamishna, wasukuma toroli, ulitembea na viraka usoni. Tabaka tatu, kama kishikio. Wanaume ambao wasingekubali kushika kipochi cha vipande walinisimamisha barabarani waniulize kama ninayo yenye Six Bougies.

Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki zikafunga milango, mambo yamekuwa magumu kwa namna nyingine. Wageni hawaji, na waliokuwa wananunua kwa wingi wananunua kimoja. Lakini watoto wanazaliwa, wasichana wanaolewa, na kado inatakiwa, hata zaidi, maana anayeshindwa kununua kikwembe kizima anaweza kupeleka kiblanketi. Wasichana wangu wanashona pia pedi za kufua, flaneli juu na wax chini, na ndizo zinazowalipia uzi.

Kilichobadilika kabisa ni gunia. Fundi wangu wa siku nyingi pale sokoni aliniita juzi akalikalia.

"Mama, hii si ya kutupa tena. Hii ni franga."

"Papa, miaka yote hii?"

"Miaka yote hii nilikuwa sijui kama unauza."

Nilijaribu kukasirika nikashindwa, kwa sababu ana haki. Mama yangu aligawa, mimi nauza. Tukapatana kwamba nitamlipa kwa gunia, na viduara vya shingo atanichagulia. Kisha akanionesha kipochi ambacho mwanawe, kijana wa sekondari, amejishonea mwenyewe kutoka kwenye gunia langu, kwa cherehani, kwa nusu saa. Rangi alizipanga vizuri, bluu ya shule ameiweka mbele, mahali ambapo mimi nisingethubutu. Ila mistari yake iko mbali mno, na kona zimevimba. Nimemwambia aje kwangu Jumamosi na mkasi wake.